Shimo Jeusi Halifyonzi, Jamani

"Mwalimu, sasa hilo shimo jeusi litatufikia lini?" Jumamosi nimeulizwa tena, darubini iko juu ya paa South B na mawingu ya Nairobi yameshaanza kutufungia mbingu. Mtoto kwa mzee, picha waliyo nayo kichwani ni moja: maji yanavyozama kwenye sinki, na sisi ndio mapovu.

Halifyonzi! Mvutano hauulizi kitu kina sura gani. Unauliza tungamo na umbali, basi. Lifinye Jua lote hadi nusu kipenyo cha kilomita 3, umepata shimo jeusi lenye upeo wake wa matukio, yaani mpaka ambao kikiuvuka kitu hakirudi, hata mwanga. Dunia je? Itaendelea kulizunguka pale pale, umbali wa kilomita milioni 150, siku 365. Baridi itatuua, hilo sikatai, lakini kuvutwa hatuvutwi. Mzunguko hukosa uthabiti ukikaribia kilomita 9 kutoka kitovu. Toka Kencom, katikati ya jiji la Nairobi, kilomita 9 hata uwanja wa Kasarani hazikufikishi.

Bado unabisha? Katikati ya galaksi yetu kuna shimo lenye tungamo la Jua mara milioni 4 hivi. Nyota S2 hulizunguka kila baada ya miaka 16. Mwaka 2018 ilipita karibu nalo kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde, ikatoka salama, ikaenda zake.

Upeo nao si ukuta. Kwenye shimo kubwa sana ungeuvuka bila kuhisi kitu; kunyofolewa kunakuja baadaye, huko ndani. Na ile picha ya 2019 ya shimo la katikati ya galaksi ya M87 inaonyesha kivuli cha shimo mbele ya gesi ya moto.

Walimu wenzangu, ile shuka yenye mpira wa chuma katikati, mnayoelezea mvutano, itupeni. Mpira wenyewe unaibonyeza shuka kwa mvutano ule ule mnaodai kuueleza! Tena shuka inaonyesha nafasi tu, ilhali embe huanguka hasa kwa sababu wakati umepinda: chini saa huenda polepole kidogo kuliko juu.

Halafu kuna wa "hayo ni mambo ya Wazungu". Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Vipimo vyake vya eksirei vilisaidia kuitambua Cygnus X-1, ambayo wengi huihesabu kuwa shimo jeusi la kwanza kugunduliwa. Setilaiti hiyo iliitwa Uhuru.