Je, wajua? Wakili wa ndoa hana leseni ya ndoa

Ndoa ikifika pabaya, jamaa humwambia mhusika: tafuta wakili wa ndoa. Naye hutafuta, akiamini kwamba mahali fulani serikalini kuna orodha ya mawakili waliosomea ndoa, wakafanya mtihani wa ndoa na kupewa cheti chake (si kile cha bomani). Dhana hii haikuzuka hewani. Madaktari bingwa husajiliwa kwa fani zao, na bingwa wa mifupa anajulikana hivyo kwenye makaratasi. Kwa nini mawakili wawe tofauti?

Ni tofauti kabisa. Tanzania Bara kuna daftari moja tu la mawakili, chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, na halina safu ya familia wala ya madini. Anayeingia humo amepata shahada ya sheria, miaka mitatu au minne kutegemea chuo, kisha akapita Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza kupokea wanafunzi 2008, ndipo akamwomba Jaji Mkuu amkubali na kumwapisha. Njia yenyewe si laini: matokeo ya taasisi hiyo yaliyozua mjadala Oktoba 2022 yalionyesha kwamba kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Lakini mtihani huo mgumu haumpi mtu ubingwa wa jambo lolote. Sheria ya familia chuoni ni somo moja kati ya mengi. Aliyelipata kwa alama ya juu kabisa na aliyelivuka kwa kukwaruza huapishwa siku moja, wakiwa wamevaa joho la aina moja.

Basi wakili wa ndoa hutoka wapi? Hutoka kwenye majalada. Chukua dereva wa daladala. Leseni yake inasema anaweza kuendesha gari la abiria, haisemi njia gani. Siku ya kwanza anapowekwa njia ya Mbagala, kisheria yuko sawa na aliyeipita miaka kumi. Huyo mwingine, lakini, anajua mahali maji yanapojaa mvua ikinyesha, kituo ambacho abiria hushuka wengi na barabara ya kuchepukia jioni. Hakuna mamlaka iliyompa ujuzi huo, na hakuna karatasi inayouonyesha. Umeingia mwilini kwa kurudia. Mmiliki wa gari naye, akitaka mtu wa njia hiyo, haulizi daraja la leseni, anauliza nani amekuwa akiipita. Ndivyo ofisi za mawakili zinavyofanya kazi. Kijana akianza na talaka mbili zikaenda vizuri, wateja wale huwaambia ndugu zao, na karani wa ofisi huzoea kumpelekea kila anayeingia na mgogoro wa nyumbani. Baada ya miaka kadhaa anaitwa wakili wa ndoa, na aliyemwita hivyo ni mtaa.

Wengine hupata ujuzi huo kabla hata ya kufungua ofisi, kwenye vituo vya msaada wa kisheria. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kimewapitisha mawakili wengi mikononi mwa akina mama wanaodai matunzo ya watoto. Kenya, ambako daftari la mawakili nalo halina safu ya ndoa, FIDA, shirika la wanasheria wanawake, imekuwa ikifanya kazi kama hiyo tangu 1985. Ukiona wasifu wa wakili una miaka mitatu ya kituo cha msaada, usiupuuze. Pengine hapo ameona mashauri ya ndoa mengi kuliko mwenzake aliyekaa miaka kumi na tano kwenye mikataba ya benki.

Hapa kuna kioja, na ndicho hasa kinachofanya uzoefu wa wakili wa ndoa nchini Tanzania uwe mgumu kuupima. Sheria imempangia akae nje ya vyumba ambamo migogoro ya ndoa huanzia.

Chumba cha kwanza ni baraza la usuluhishi. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema huwezi kufungua shauri la talaka mahakamani mpaka mgogoro umepelekwa barazani, na baraza limethibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kuna misamaha, kwa mfano mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, au ameitwa barazani akakataa kwa makusudi. Wengine wote lazima wapite: kwenye baraza la kata, la Bakwata (baraza kuu la Waislamu), au la kanisa linalotambuliwa. Na kifungu cha 104 kinakataza kabisa mtu kuwakilishwa na wakili barazani. Anayeweza kumwakilisha ni mtu wa familia yake. Kwa maneno mengine, mjomba anaweza kukaribishwa ndani huku wakili akisubiri nje chini ya mwembe.

Chumba cha pili ni mahakama ya mwanzo. Kwa miaka mingi kifungu cha 33 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu kiliwazuia mawakili kusimama humo, huku kikimruhusu ndugu au mtu wa nyumba moja na mdaawa (mwenye shauri) kumsemea katika shauri la madai. Sheria ya Ndoa inaruhusu shauri lifunguliwe mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu, kwa hiyo mwenye uwezo wa kulipa wakili alianzia juu. Aliyeanzia mahakama ya mwanzo alikutana na wakili kwenye rufaa, ushahidi ukiwa umekwisha kuandikwa bila yeye. Marekebisho ya 2021 yaliwafungulia mawakili mlango, lakini kwa mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Matokeo yake, wakili mwenye mvi na sifa nyingi za kesi za ndoa anaweza kuwa alizijua kwa miongo mitatu kupitia kumbukumbu za rufaa tu, asiwahi kumsikia mke akihojiwa mara ya kwanza. Hilo halimfanyi wakili mbaya. Linamaanisha tu kwamba miaka yake ilikuwa ya aina fulani.

Sasa usifikiri kwamba kwa kuwa hakai barazani, baraza halimhusu. Karatasi inayotoka humo ndiyo tiketi ya shauri zima. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo wa shauri tangu mwanzo kwa sababu hapakuwa na hati halali ya baraza: miaka imepita, hukumu imetolewa, mali imegawanywa, kisha kila mtu anarudishwa alipoanzia. Aliyezoea mashauri haya huanza kwa kuomba aione hati hiyo. Huangalia imetolewa na nani, inasema baraza limeshindwa kusuluhisha au ni barua tu ya kuwatuma mahakamani, na kama pande zote mbili ziliitwa. Wakili hodari wa ardhi, anayeweza kukuandikia hoja za kumliza jaji, anaweza kulipita jambo hili bila kulitazama. Hakuna aliyemfundisha kwamba maji hujaa pale.

Mfano wa pili wa tofauti inayoletwa na uzoefu ni kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983. Karibu kila mwanafunzi wa sheria anaijua: Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika hukumu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kinachohusu ugawaji wa mali. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa hiyo. Mahakama iliona mume alikuwa amempa fedha za mtaji, akazitumia vibaya, kwa hiyo hakupewa mgawo. Anayeijua kesi kwa kichwa chake cha habari humwahidi mteja nusu ya nyumba. Anayeijua mpaka mwisho humuuliza kwanza: ulipewa nini, na ulikifanyia nini?

Kuna nchi zilizoamua kuupima uzoefu kwa karatasi. Ujerumani wakili hawezi kujiita Fachanwalt, yaani wakili bingwa, wa sheria ya familia mpaka asome kozi ya saa 120, afanye mitihani ya kuandika, na aonyeshe majalada 120 ya familia aliyoyashughulikia ndani ya miaka mitatu, angalau 60 yakiwa ya mahakamani. Wanahesabu kweli. Jimbo la Texas nchini Marekani nalo hutoa cheti cha ubingwa wa sheria ya familia. Hata huko, hata hivyo, asiye na cheti hazuiwi kuchukua kesi ya talaka. Anazuiwa kujiita bingwa. Na jalada 120 za talaka za makubaliano hazimwandai mtu kwa vita moja ya malezi ya mtoto, ingawa kwenye hesabu zinaonekana nyingi.

Kwetu, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, e-Wakili, utakuonyesha kama mtu ni wakili kweli na kama leseni yake ya mwaka iko hai. Hilo ni la kuangalia kabla ya kulipa hata senti, maana vishoka, mawakili wa kughushi, wapo. Alichokuwa anakifanya miaka yote hiyo utamuuliza mwenyewe: mara ya mwisho alisimamia shauri la ndoa lini, katika mahakama ya ngazi gani, na hati ya baraza ilitoka wapi.

Ubingwa umeanzia upande mwingine wa meza. Temeke, Dar es Salaam, tangu 2021 kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, ambako mirathi, ndoa na mambo ya watoto husikilizwa kuanzia mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu ndani ya jengo moja. Mahakama imekuwa ya familia. Mawakili wanaoingia getini kila asubuhi wana leseni ileile ya wenzao wanaokwenda kwenye mashauri ya kodi.