Je, wajua kwa nini asbesto hukutwa ndani ya poda?

Wengi wetu tunaifahamu asbesto kwa mapaa ya zamani, yale ya kijivu ambayo mafundi huonywa wasiyakate kwa msumeno. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba imekutwa katika kopo la poda ya mtoto, hudhani kuna aliyeichanganya humo kiwandani, ilhali mara nyingi mchanganyiko huo ulishafanyika chini ya ardhi kabla mchimbaji hajafika.

Poda nyingi zilitengenezwa kwa talki, jiwe laini linaloparuzika hata kwa ukucha. Talki huzaliwa pale maji ya moto yenye silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) yanapopenya miamba yenye magnesi nyingi. Joto au mgandamizo ukibadilika kidogo, takriban viambato vilevile huzaa madini mengine, yaani tremolaiti, anthofilaiti au krisotili, ambazo zikiwa katika umbo la nyuzi ndizo asbesto yenyewe. Mshipa wa asbesto unaweza kupita bega kwa bega na talki, na mashine ya kusagia haichagui.

Mama anapotikisa kopo juu ya mtoto aliyetoka kuoga, wingu jeupe huelea kwa muda kwenye mwanga wa dirishani. Chembe nzito hutua, lakini nyuzi nyembamba mno huvutwa na pumzi hadi kwenye vifuko vya mapafu. Huko seli za ulinzi hujaribu kuzimeza, zikashindwa, kwa kuwa uzi mrefu huizidi seli yenyewe. Seli hiyo hubaki ikimwaga kemikali zinazowasha na kuharibu vinasaba vya seli jirani. Baadhi ya nyuzi hufika kwenye utando unaozunguka mapafu, na huko ndiko huanzia mesothelioma, saratani ambayo kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Asbesto husababisha pia saratani za mapafu, zoloto na ovari.

Mbona basi haikubainika mapema? Mwaka 1976 watengenezaji wa vipodozi nchini Marekani walikubaliana, kwa hiari yao, kupima talki kwa njia iliyotegemea miale ya eksirei, ambayo haikuweza kuona asbesto iliyo chini ya takriban asilimia 0.5. Asilimia hiyo husikika ndogo, lakini kwa nyuzi zisizoonekana kwa macho inaweza kuwa idadi isiyohesabika, na kwa maoni yangu kipimo cha namna hiyo kiliwapa watu utulivu wasiostahili kuwa nao. Hadubini ya elektroni huona zaidi, ila ni ghali na ya polepole.

Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliripoti chembechembe za krisotili katika kopo moja la poda ya Johnson & Johnson, na kampuni ikaondoa sokoni makopo yapatayo 33,000. Kampuni hiyo hushikilia kuwa poda yake ni salama. Hata hivyo, mwaka 2020 ilitangaza kuacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada, na mwaka 2023 ikahamia wanga wa mahindi duniani kote. Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka talki yenyewe katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani.

Kopo lililo nyumbani kwako hujitambulisha lenyewe kwenye orodha ya viambato: “Talc” ni talki, na “Zea Mays” ni mahindi.