Mshumaa si Kimulimuli

Kila mwaka, minada ya korosho ikishaanza na Krismasi ikikaribia, mezani kwangu hapa Mtwara huletwa chupa za jamu zilizojazwa LED za njano (vile vijitaa vidogo vya kielektroniki), na maelezo ya wenye chupa huwa yaleyale: "Fundi, nimeandika programu ziwake na kuzima ovyoovyo, lakini hazifanani na mshumaa." Wiki hii amekuja wa tatu, na uvumilivu wangu umekwisha. Hazifanani kwa sababu mshumaa hauwaki na kuzima. Anayewaka na kuzima ni kimulimuli, na huyo aliyemo chupani mwako, ndugu yangu, ni kimulimuli mwenye homa.

Mambo ya msingi nitayapita haraka. Kwa chaja ya simu ya volti 5, kila LED ipewe rezista yake, yaani kizuizi cha mkondo wa umeme, ya ohmu 220. Ile ya njano hula takriban volti 2, hubaki volti 3, na mkondo huwa kama miliampia 14, ambao unatosha. Kwenye Arduino, yaani kibao kidogo cha kompyuta kinachoendesha programu hiyo, tumia pini zenye alama ya wimbi (~), kwa kuwa nyingine hazijui kupunguza mwanga. Mapambo ya barazani yasiguse kabisa volti 230, maana mvua zetu huanza Desemba hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye mwali. Funga madirisha, washa mshumaa wa kweli, kisha utazame: mwali husimama wima, karibu bila kutikisika. Fungua mlango unaopokea kaskazi, nao utanywea, utainuka, utapitiliza kidogo, kisha utatulia, na katika mahangaiko yote hayo chumba hakitaingia giza hata mara moja. Kwa hiyo programu haipaswi kujiuliza iwashe au izime, bali ielekee mwanga wa kiasi gani na kwa kasi gani. Mimi huchagua kwa nasibu lengo kati ya 100 na 255 (0 ni kuzima, 255 ni mwanga wote), huliendea hatua kwa hatua, kisha huchagua jingine baada ya milisekunde 40 hadi 150. Mara mojamoja huacha sekunde mbili tatu za utulivu, kwa sababu bila utulivu huo mtikisiko hauaminiki.

Hata hapo jicho litakusaliti. Ukiiamuru pini itoe 128 kati ya 255, LED hutoa nusu ya mwanga wake, lakini jicho huona upungufu mdogo tu, ilhali kutoka 10 kwenda 20 huona badiliko kubwa. Dawa yake ni hesabu ya darasani: zidisha namba kwa yenyewe, kisha ugawe kwa 255, ili 200 iwe 157 na 100 iwe 39. Mstari huo mmoja wa programu umeokoa chupa nyingi kuliko LED za bei ghali.

Weka LED tatu katika chupa moja, kila moja na lengo lake, ili vivuli ukutani navyo visogee. Nakiri kwamba hapa bado nabahatisha. Zikitikisika pamoja kabisa, chupa hufanana na televisheni mbovu. Zikiachana kabisa, hufanana na mishumaa mitatu isiyopigwa na upepo mmoja. Mimi huchanganya mtikisiko wa pamoja na wa kila taa, na kila msimu nabadilisha kipimo cha mchanganyiko huo bila kuridhika.

Mteja wangu wa tatu alilalamika kwamba nimeifanya chupa yake itulie mno. Alikuwa akiitazama saa saba mchana, mlangoni mwa karakana, jua likiiwakia. Nilimwomba asubiri magharibi, kwa sababu kiwango cha chini cha mwanga hupimwa gizani: kile 39 ambacho mchana huonekana kama taa iliyozimika, usiku hutosha kuuonyesha uso wa mtu aliyeketi kando ya meza.