Jekibeiti laini hukamata inapoachwa, si inapovutwa

Vijana wa Dodoma walioanza kuvua kwa fimbo huniuliza swali lile lile: wameagiza mtandaoni pakiti ya jekibeiti laini, chambo cha plastiki, baada ya kutazama video za Wamarekani wakivua samaki aitwaye besi, mbona haiwapi kitu? Nami huwauliza: ukishaitupa majini, unaiacha kwa muda gani? Wengi hawaiachi. Wanatupa, wanakunja rili mpaka chambo kinarudi mguuni, wanatupa tena. Hapo nusu ya tatizo imeshaonekana. Nusu iliyobaki iko kwenye maji na kwa samaki wenyewe, na hiyo ndiyo inayohitaji maelezo.

Jekibeiti laini ni kipande cha plastiki chenye umbo la samaki mwembamba, urefu wa sentimita 10 hadi 15 hivi. Haina kile kibao cha mdomoni cha kuipeleka chini, haina bapa linalozunguka, haina mkia unaopepea, na mara nyingi haifungwi chubwi. Kwa hiyo hakuna kazi inayoifanya yenyewe. Ukiivuta moja kwa moja inakuja imenyooka, haina uhai wowote. Lakini legeza mshipi, kisha uugonge ule ulegevu kwa ncha ya fimbo: inaruka kushoto. Gonga tena: inageukia kulia. Halafu acha. Inateleza kidogo, inasimama, inaanza kuzama polepole ikiwa imelala, kama dagaa aliyeishiwa nguvu. Mara nyingi samaki huichukua hapo, katika kuzama. Kuigonga ni kumwita tu.

Chambo hiki kilibuniwa kwa ajili ya besi, hasa besi mdomo-mpana, Micropterus salmoides, samaki wa mashariki mwa Amerika Kaskazini. Kilipata umaarufu miaka ya 1980 kupitia Slug-Go, jekibeiti ya Mmarekani Herb Reed, kisha zikafuata nyingine, Super Fluke ya kampuni ya Zoom ikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Ukimwelewa besi, utaelewa kwa nini plastiki isiyo na mbwembwe yoyote ilimpata. Besi si mkimbiaji wa masafa. Hukaa kando ya gogo, magugu au kivuli cha gati, akitazama. Akiamua, hufungua kinywa ghafla, maji yakaingia pamoja na chochote kilichomo. Meno yake ni madogo mno, hayakati. Humeza kitu kizima. Kitu laini kinachoshuka taratibu mbele ya macho yake ni mlo usiomgharimu nguvu.

Kutokana na hayo, sharti la kwanza ni maji ya kuonea. Chambo hiki hakitoi mtetemo wa kutosha kumwongoza samaki kwenye tope, wala hakipigi kelele. Kipimo changu ni chepesi: nashusha chambo cheupe kando ya mtumbwi. Kikipotea machoni kabla hakijafika nusu mita, nakirudisha mfukoni na kutoa kitu chenye bapa linalozunguka, maana besi husikia mtikisiko wa maji kwa mstari wa hisia ulio ubavuni mwake hata asipoona. Kikionekana hadi mita moja na zaidi, nafurahi.

Sharti la pili ni joto. Maji yakiwa chini ya nyuzijoto 13 au 15 za Selsiasi, besi hupunguza mwendo, na chambo kinachorukaruka humpita. Huko Marekani, mwishoni mwa majira ya baridi, wavuvi wengi huacha jekibeiti laini na kuchukua ile ngumu inayoning'inia katikati ya maji bila kupanda wala kushuka. Maji yakipata joto, hasa besi wakishamaliza kutaga na samaki wadogo wakiwa juu, plastiki laini hurudi kazini. Huku Afrika Mashariki joto ni nadra kuwa kikwazo. Hata Ziwa Naivasha la Kenya, lililo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako besi waliletwa tangu miaka ya 1920, maji yake hayafikii baridi ya kumzubaisha samaki.

Naivasha ina kikwazo kingine, na ndicho kinachonivutia zaidi katika somo hili: chakula. Kamba wa maji baridi kutoka Louisiana waliingizwa ziwani humo mwaka 1970, na besi wakawapenda sana. Samaki anayeokota kamba chini kwenye matope na mizizi hana sababu ya kutazama juu. Unaweza kugonga mshipi kwa ustadi wote ulio nao juu ya kichwa chake, naye asigeuke. Siku kama hiyo mnyoo wa plastiki wenye chubwi ndogo, unaoburutwa chini polepole, unaishinda jekibeiti mbali sana. Kwa hiyo kabla ya kulaumu rangi, chunguza samaki wa kwanza uliyempata alikuwa amekula nini. Watu hutumia fedha nyingi kwenye rangi kumi tofauti. Mimi naona nyeupe, na nyingine ya kijani-kahawia, zinatosha.

Kina na upepo navyo husumbua. Bila chubwi, chambo hiki ni cha maji ya mita mbili hivi, na mita tatu kama maji ni safi kweli. Kukisubiri kifike mita sita ni kupoteza asubuhi. Upepo ukiwa mkali, unaupinda mshipi na kukiburuta chambo wakati wewe unadhani kimetulia, yaani unakunyang'anya ile kuzama yenyewe. Upepo mwepesi unaovunja tu uso wa maji ni mzuri. Samaki hakuoni vizuri na bado anakiona chambo.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Tumia ndoana pana yenye kiwiko, namba 4/0 au 5/0, ncha yake ikichomwa kidogo tu kwenye ngozi ya mgongo wa chambo ili isinase magugu. Mshipi wa florokaboni, aina ya plastiki nzito, huzama, kwa hiyo hukishusha chambo mapema. Mshipi wa kusuka huelea na hukiweka juu. Chambo hiki kikizunguka husokota mshipi vibaya, hivyo funga swiveli ndogo, kile kiungo kinachozunguka, sentimita 30 hadi 45 mbele yake. Ukiona maji yamefumuka, usinyakue fimbo hapo hapo. Mtazame mshipi. Ukienda pembeni, au ukiacha kuzama ghafla, kunja ulegevu, sikia uzito, ndipo uvute. Wanaovuta kwa kusikia mruko humnyang'anya samaki tonge mdomoni.

Sasa turudi nyumbani. Bwawa la Hombolo lilijengwa 1957, na kwa miaka mingi limekuwa likipokea udongo unaosombwa na mvua. Mvua zetu Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo maji yana rangi ya udongo. Kwa kipimo changu cha nusu mita, jekibeiti laini imeshindwa kabla hujaifunga. Ukame ukiingia, maji yanatulia kiasi, lakini yanapungua, na upepo wa katikati ya mwaka unakoroga matope ya maeneo yenye kina kifupi. Zaidi ya hayo, samaki wetu wakuu hawali kama besi. Perege hula mwani na mabaki ya mimea. Hana haja na dagaa anayekufa. Kambale ni mwindaji, lakini macho yake ni madogo na anategemea zaidi sharubu na harufu, hasa usiku. Mara moja moja atapiga plastiki. Kipande cha samaki kilichowekwa chini kitakupa kambale siku nyingi zaidi, nami simshauri mtu yeyote apeleke jekibeiti Hombolo akitarajia kitoweo.

Mtera ni habari nyingine. Bwawa hilo la umeme wa maji kwenye mto Ruaha Mkuu lina miti mikavu iliyofunikwa na maji, na lina samaki wa jamii ya Hydrocynus, wale wanaoitwa taiga na wavuvi wa michezo. Taiga anaona, anakimbiza, anapiga kitu kinachoonekana kimejeruhiwa. Ungesema chambo kimempata mwenyewe. Lakini ana meno marefu yaliyochongoka, na hamezi kwa kuvuta maji kama besi: hukata. Atakata mkia, atauacha mwili wa plastiki, na utarudisha ndoana yenye kipande kisichofanana na kitu. Kwa taiga funga waya wa chuma mbele ya ndoana, tumia kijiko cha chuma au chambo kigumu, na uviweke vya plastiki laini mbali. Na usiingie majini kwa miguu kufungua chambo kilichonasa mtini. Mtera ina mamba na viboko.

Wapo wanaoniambia: basi tumlete besi Hombolo, tupate kuitumia vizuri. Nalipinga kabisa. Besi mdomo-mpana yumo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani iliyotolewa kupitia IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, na chakula chake cha kwanza hapa kingekuwa watoto wa perege wanaotegemewa na familia za Hombolo. Mwenye hamu ya besi afunge safari ya Naivasha.

Akisafiri na pakiti zake, asiziache kwenye gari lililoegeshwa juani. Plastiki hii hulainika kwa joto la Dodoma na kubaki imejikunja, na jekibeiti iliyopinda huzunguka badala ya kuteleza. Iliyopinda ichovye kwenye maji ya moto, inyooshe, kisha ilaze mahali tambarare ipoe. Kila aina ikae kwenye pakiti yake ya asili, kwa sababu aina nyingine za plastiki zikigusana huyeyushana, na visanduku fulani vya plastiki ngumu navyo huharibika zikikaa humo.