Mipangilio ya mradi ni nini, na uichagueje kamera zinapotofautiana?

Mipangilio ya mradi ni masharti unayoipa programu ya kuhariri video kabla ya kazi kuanza: picha iwe na pikseli ngapi kwa upana na urefu, sekunde moja iwe na fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) ngapi, rangi zisomwe kwa kipimo gani na sauti kwa kipimo gani. Ni umbo la taimulaini, ule mstari wa muda unakopanga klipu; kila klipu utakayoiweka humo italazimishwa kufuata umbo hilo. DaVinci Resolve hukuonyesha masharti haya kwa jina hilo hilo la mradi. Premiere Pro huyaweka kwenye sekwensi, jina lake la taimulaini. Kazi ni moja.

Klipu zote zikitoka kwenye kamera moja, hakuna cha kuchagua; unafuata kamera. Tatizo huanza pale mahojiano yamerekodiwa kwa kamera ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) yenye fremu 25 kwa sekunde, picha za pembeni zimechukuliwa kwa simu yenye fremu 30, na droni imeleta fremu 50. Hapo wengi huuliza ni klipu ipi iliyo bora zaidi, wakaifuata. Swali lenyewe ni jingine: video hii inakwenda wapi, na ni klipu zipi zitakazobeba sehemu kubwa yake? Kama kituo cha televisheni kimetaka fremu 25, mjadala umekwisha. Kama inakwenda mtandaoni tu, fuata klipu zenye uzito. Katika mfano huu ni mahojiano, kwa hiyo 25.

Kasi ya fremu ndiyo ya kufikiriwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayosumbua kuirekebisha baadaye. Katika Resolve, ukishaweka klipu kwenye taimulaini, kasi ya taimulaini hiyo haibadilishwi tena. Premiere itakuruhusu, ila mikato uliyoipanga kwa makini inaweza kusogea.

Tazama kinachotokea ndani. Klipu ya fremu 50 ikiwekwa kwenye mradi wa 25, programu huchukua fremu moja na kuacha moja, na mwendo unabaki laini. Hesabu imegawanyika sawasawa. Klipu ya fremu 30 kwenye mradi huo huo haina bahati hiyo: kila sekunde lazima fremu 5 zitupwe, yaani moja katika kila sita. Ukiwa na uso wa mtu aliyetulia akizungumza, huenda usione kitu. Lakini simu ikigeuzwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, mlingoti wa taa unaopita kwenye picha utaonekana ukiruka hatua kidogo kidogo. Ukigeuza kibao, klipu ya 25 kwenye mradi wa 30, fremu 5 hurudiwa kila sekunde na mrukoruko ni ule ule. Programu nyingi zina njia ya kuchanganya fremu mbili au kubuni fremu mpya kati yake. Husaidia mara nyingine. Mara nyingine mkono unaopungwa huacha kivuli nyuma yake. Mimi huiwasha kwa klipu moja moja, kamwe si kwa mradi mzima.

Mgawanyiko huu wa 25 na 30 ni urithi wa televisheni za zamani, zilizofuata umeme wa hertzi 50 au 60 wa nchi husika. Ile 29.97 unayoiona kwenye orodha ilikuja Marekani mwaka 1953, pale rangi zilipoongezwa kwenye matangazo na kasi ikapunguzwa kidogo. Ndiyo maana 29.97 na 30 hazilingani sawasawa, ingawa kwa klipu fupi tofauti yake haionekani.

Ukubwa wa picha una huruma zaidi. Klipu ya pikseli 3840 kwa 2160 ndani ya mradi wa 1920 kwa 1080 ina upana mara mbili ya unaohitajika, kwa hiyo unaweza kuivuta karibu hadi mara mbili bila picha kufifia. Mahojiano ya kamera moja yanaweza kukatwa yaonekane kama ya kamera mbili. Kinyume chake, klipu ya 1080 kwenye mradi wa 4K lazima itanuliwe, na kufifia kwake kutajitokeza kila inapofuatana na klipu kali. Nusu ya klipu zikiwa za 1080, sioni sababu ya kung'ang'ania 4K.

Jihadhari na mtego mmoja: programu kadhaa huchukua mipangilio kutoka kwenye klipu ya kwanza unayoiburuta. Ukianza na klipu ya simu, mradi mzima umekuwa wa fremu 30, au umesimama wima, bila wewe kuamua lolote. Anza na klipu ya kamera kuu, au tengeneza sekwensi kwa mkono. Na Premiere ikikuuliza kama ibadilishe mipangilio ilingane na klipu, soma kwanza kabla ya kubofya.

Simu ina tabia nyingine. Nyingi hurekodi kwa kasi isiyotulia: faili linasema 30, lakini fremu hupungua na kuongezeka kulingana na mwanga na joto la simu. Matokeo yake midomo na sauti vinaachana taratibu, na hakuna mpangilio wa mradi unaotibu hilo. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, kwanza, chagua kasi isiyobadilika, kisha ndipo uingize klipu mpya.

Sauti haina mjadala mrefu: weka kilohertzi 48, kipimo cha kawaida cha video. Muziki wa 44.1 programu itaubadilisha yenyewe.