Somo binafsi la gitaa ni lipi hasa?

Ukitaja somo binafsi la gitaa, wengi huona chumba chenye mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, basi. Hiyo ni nusu tu ya maana. Mwalimu anaweza kupokea wanafunzi mmoja mmoja kutwa nzima na bado akawa anafundisha darasa: zoezi lile lile, kwa mpangilio ule ule, awe mtoto wa miaka 7 au bibi wa miaka 70. Somo huwa binafsi pale mwalimu anapoutazama mkono wa huyu aliyekaa mbele yake, akamuuliza anataka kupiga muziki gani, kisha akabadilisha somo lenyewe.

Mkono kwanza, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kwenye gitaa la kawaida la nyuzi za nailoni, sehemu ya uzi inayolia ina urefu wa kama sentimita 65. Kwa mtoto wa miaka 7 hilo ni kubwa mno; anahitaji gitaa dogo la saizi ya nusu. Na hata akilipata, kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya G kamili inadai vidole vitatu vilivyotanuka. Kwa hiyo mwalimu humwambia aziache zile nyuzi nene, apige tatu nyembamba tu. Kidole kimoja kwenye freti (nafasi kati ya vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) ya tatu ya uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote: hiyo G. Kidole kimoja kwenye freti ya kwanza ya uzi wa pili: hiyo C. G ya namna hiyo si kamili, lakini sikio linaikubali, na mtoto anatoka somo la kwanza akiwa ameshasindikiza wimbo. Nusu saa inamtosha.

Mzee ambaye vidole vimeanza kukakamaa ana njia yake pia. Nyuzi zote zinalegezwa kwa toni moja, kisha kapo, kibanio kinachoshika nyuzi zote kwenye shingo ya gitaa, inabanwa kwenye freti ya pili. Sauti inarudi pale pale ilipokuwa, ila nyuzi ni laini zaidi na freti anazozitumia zimekaribiana. Inaniuma sana nikisikia mtu mzima ameambiwa amechelewa kuanza, wakati kilichokuwa kinamshinda ni gitaa lenye nyuzi zilizopanda juu mno ya shingo, kitu ambacho fundi anakirekebisha. Mtu mzima huelewa haraka kuliko mtoto, na hupenda kujua kwa nini kodi fulani inafuata nyingine; vidole vyake ndivyo vinavyotaka subira.

Halafu kuna lengo. Kijana anayetaka kusindikiza kwaya kanisani atakutana na F na B fleti kila Jumapili. F ya kawaida inataka kidole cha shahada kilale na kubana nyuzi zote sita, na wanaoanza wengi wameliacha gitaa hapo. Mwalimu anayejua haja ya kijana huyu humwekea kapo freti ya tatu: umbo la D sasa linatoa F, na umbo la G linatoa B fleti. Anapiga Jumapili hii hii, na ile F ngumu anaijenga taratibu nyumbani.

Mwingine anataka mtindo wa Katanga, kusini mwa Kongo, ule wa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi. Huyo kazi yake kubwa iko mkono wa kulia: dole gumba linashika besi, zile sauti nzito, bila kuyumba huku kidole cha shahada kikipiga sauti ya juu. Ukimrundikia michoro ya kodi unampotezea muda. Na anayeota kupiga kwenye bendi lazima aulizwe: solo (gitaa linaloongoza), rizimu (linaloshikilia mapigo) au besi (la sauti nzito)? Mpiga rizimu hufundishwa kurudia kipande kifupi dakika nyingi bila kukimbia wala kuchelewa, na kwa maoni yangu hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyosifiwa. Solo ya Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Tanzania, akiwa na bendi ya Morogoro Jazz ilipata pa kusimama kwa sababu wenzake walishikilia chini yake.

Hapo ndipo somo la mtu mmoja lilipo na pengo: mwanafunzi hana wenzake wa kushikana nao mapigo. Mwalimu mzuri huliziba kwa kuchukua gitaa la pili. Mwanafunzi akipiga rizimu, yeye anapiga solo, kisha wanabadilishana. Kwa wanaosoma kupitia video ya intaneti hilo ni gumu kwa sababu sauti huchelewa njiani, kwa hiyo mwalimu hurekodi rizimu na kumtumia mwanafunzi aipige nayo upande wake, huku yeye akisikiliza kama vidole vinafika kwa wakati.