Kuinua gari la mjini kwa ajili ya njia mbovu: anza na matairi kabla ya springi

Gari la mjini likianza kugonga chini kwenye mawe na makorongo, wenye magari wengi hukimbilia kuliinua. Kuinua kunasaidia, ila kuna kipimo chake. Kwa gari ambalo kila tairi la mbele linajitegemea, na springi yake imezunguka shokapu, milimita 25 hadi 30 zinatosha, na 40 ndiyo mwisho tunaoushauri. Ukizidisha, draivu shafti (vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye matairi) zinakaa kwenye pembe kali, sivi jointi (kiungo chake kinachojipinda) inafanya kazi ikiwa imejipinda muda wote, kifuniko chake cha mpira kinachanika, grisi inatoka na vumbi linaingia. Hapo utaanza kuisikia ikigonga kila unapokata kona.

Kabla ya kugusa springi, angalia matairi. Tairi la 205/55R16 (upana milimita 205, ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16) lina kipenyo cha karibu milimita 632. Ukifunga la 205/60R16 kwenye rimu ileile, kipenyo kinafika 652, na gari linapanda milimita 10, yaani nusu ya tofauti. Huo ukuta wa tairi ulioongezeka ndio unaomeza ncha za mawe kabla hazijafika kwenye rimu. Tena, ekseli ya nyuma ya kipande kimoja haiinuliwi kutoka ardhini na springi hata ziwe ndefu kiasi gani. Inainuliwa na tairi tu. Spidomita nayo itasoma pungufu kwa takriban asilimia 3. Ukimaliza kufunga, pakia mzigo, kisha kata usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama tairi linasugua madigadi au hozi ya breki.

Baada ya hapo ndipo zinakuja spesa (vipande vya kuongeza kimo) au springi ndefu. Spesa inayokaa kati ya kichwa cha shokapu na bodi ni rahisi kufunga, wala haibadilishi ulaini wa gari kwa kuwa springi ni ileile. Kasoro yake huonekana tairi linaponing'inia: shokapu nzima imeshushwa, hivyo tairi linashuka kupita mwisho uliowekwa na kiwanda, na bol jointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika tairi), hozi ya breki na waya wa ABS, yaani mfumo wa kuzuia tairi kujifunga breki zinapokanyagwa, vinavutwa. Spesa inayokaa kwenye springi yenyewe ina kasoro nyingine. Tairi halishuki zaidi ya awali, lakini gari limesimama juu zaidi, kwa hiyo nafasi ya tairi kushuka imepungua kwa kiasi kilekile ulichoinua. Kwenye kila shimo shokapu inanyooka hadi mwisho na kugonga. Kwa gari ambalo tairi limeshikwa na mkono wa chuma wa juu na wa chini, na ambalo shokapu imeshikwa katikati ya mkono, spesa ya milimita 20 inaweza kuinua gari karibu 35 hadi 40. Pima kwanza, usinunue kwa kukisia.

Sisi tunapendelea springi ndefu pamoja na shokapu zinazolingana nazo, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kudai springi ngumu. Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya wake. Kutoka milimita 12 hadi 13, mengine yote yakibaki vilevile, ugumu unaongezeka kwa takriban asilimia 38. Gari jepesi lenye springi kama hiyo halifuati ardhi: tairi moja linabaki hewani, na difu ya kawaida (gia inayogawa nguvu kati ya matairi mawili) inalizungusha hilo hilo bure huku gari limekwama. Ongeza ugumu kwa kadiri ya uzito uliouongeza kweli. Bamba la chuma la milimita 3 la kulinda sampu (chombo cha oili chini ya injini), lenye ukubwa wa nusu mita ya mraba, lina kilo 12 hivi. Hilo peke yake halidai springi mpya.

Shokapu za kawaida huchoka haraka kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi-mawimbi. Oili inapata moto, inatoa povu, na gari linaanza kurukaruka. Tafuta za gesi, na hakikisha mpira wa kuzuia kugonga unaguswa kabla shokapu haijafika mwisho wa kubanwa, ukibakiza angalau milimita 10.

Wakati wa kufunga, usifungue nati ya katikati ya kichwa cha shokapu kabla springi haijabanwa kwa vibanio viwili vinavyotazamana na kulegea kwenye viti vyake. Tunalisisitiza hili kwa sababu springi ikifyatuka inaweza kuua.

Jambo jingine linalopuuzwa ni bushi, yaani mipira iliyo kwenye maungio ya mikono inayoshika matairi. Bushi nyingi za mpira hazizunguki ndani ya mkono. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha nje na cha ndani, na kazi yake ni kujisokota kidogo kwenda na kurudi. Fundi akikaza boliti matairi yakiwa yananing'inia, bushi inashikwa katika mkao huo. Gari likishushwa, mpira unabaki umesokotwa hata likiwa limeegeshwa. Haupiti muda mrefu nyufa zinatokea kuzunguka chuma cha ndani, na mteja anaambiwa bushi zilikuwa feki. Ingiza boliti, zikaze kwa mkono tu, shusha gari lisimame kwa matairi yake, litikise mara kadhaa, kisha kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kufuata kipimo cha kitabu cha gari.

Urefu upimwe kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kabla na baada, ili upepo wa tairi usikudanganye. Kisha fanya alaimenti (kunyoosha mielekeo ya matairi) siku hiyohiyo na urekebishe taa za mbele, maana sasa zinawapiga wengine machoni. Gari likipanda, hupinduka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo punguza mwendo kwenye kona. Rudia kukaza boliti baada ya kilomita 100 hivi.

Magari mengine yana vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo ndogo, ambayo hupima mzigo kwa urefu wa gari. Ukiinua nyuma bila kurekebisha fimbo hiyo, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa umejaza mzigo.